Kusoma malisho kwenye ramani ya simu kabla ya kuingia porini (Tabora na Kigoma)

#1 Mtundu wa Sikonge

Wakuu salama? Huu uzi ni mrefu kidogo mnivumilie. Kila msimu ukikaribia napata meseji zilezile za vijana, mzee mwaka huu wanyama wako wapi, na mi nawajibu mnyama yuko kwenye chakula chake, sasa chakula kiko wapi hilo ndo swali, na siku hizi nusu ya jibu unaipata umekaa nyumbani na simu yako.

Mwaka juzi nilikata leseni, kongoni mmoja na ngiri mmoja, eneo la kusini huku kwetu Sikonge. Mwaka uliotangulia kongoni nilikuwa nawakuta pembeni ya mbuga moja asubuhi na jioni bila kukosa, basi nikaenda pale pale moja kwa moja nikapiga kambi siku nne. Hamna kitu. Nyasi zimesimama kavu mpaka kifuani, nyayo za zamani tu, mbung'o ndo walikuwa wengi. Niliporudi Tabora mjini nikafungua picha za setilaiti za wiki ileile nikaelewa, mwaka ule moto ulipita ng'ambo ya pili ya mto, kilomita kama kumi na moja kutoka kambini kwangu, na ukingo wote wa kule ulikuwa umeshachipua. Mimi nilikwenda kuwinda mwaka jana, wanyama walikuwa wanakula mwaka huu.

Tangu siku hiyo siingii porini bila kusoma ramani kwanza, na nasoma picha za wiki ile.

Kwa ambao hamjakaa huku, pori letu la miombo limepangwa kama ngazi. Juu kwenye miinuko kuna miti ya mtundu, muba, mninga, udongo mwekundu au wa kichanga, maji yanapita haraka. Ukishuka miti inapungua, unakuta migunga na vichuguu, alafu chini kabisa ndo mbuga, na mbuga huku sio hifadhi kama watu wa mjini wanavyosema, mbuga ni bonde bapa la udongo mweusi linalojaa maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Ule udongo mweusi unashika unyevu muda mrefu. Kwahiyo kuanzia Julai miinuko ikikauka, kijani kinashuka polepole kuelekea mbuga na wanyama wanakifuata. Korongo (yule swala mkubwa, sio ndege), palahala na kongoni wanapenda sana pale miti inapokutana na nyasi, wanapata majani mabichi chini na kivuli cha kucheulia hatua chache nyuma yao. Ukingo huo kwenye picha ya setilaiti unauona wazi kama upindo wa kanga.

Jinsi ninavyofanya mimi. Kwanza kabisa mpaka, nitalirudia hilo. Alafu nafungua Google Earth kuona sura ya ardhi tu, mito, mbuga, vichuguu, njia, maboma ya ng'ombe. Angalieni tarehe ya picha pale chini maana nyingine ina miaka kadhaa, hiyo ni ya kujifunza umbo la nchi na sio chakula cha leo. Chakula cha leo natafuta kwenye picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi na picha ni za bure, unafungua Copernicus Browser kwenye simu au laptopu. Pikseli moja, kile kinukta cha picha, ni mita 10 kwa 10, yaani uwanja wa mpira unaingia pikseli kama 70. Mnyama humuoni hata siku moja, asikudanganye mtu, unachoona ni alichofuata.

Pale kuna namna ya kuangalia kwa rangi za infraredi, jani bichi lenye afya linatokea jekundu, nyasi kavu inakuwa kijivu au rangi ya udongo. Agosti na Septemba pori lote limepauka alafu unaona mstari mwekundu mwembamba unafuata ukingo wa mbuga fulani. Hapo weka alama.

Kitu cha pili ni moto. NASA wana ramani yao inaitwa FIRMS, inaonyesha sehemu zinazowaka, kwa kawaida ndani ya saa tatu hivi baada ya setilaiti kupita. Mi siangalii moto wa leo, naangalia moto wa wiki tatu nyuma ulioungua karibu na mbuga yenye unyevu, maana nyasi ikiungua pale inachipua laini, fupi, tamu. Moto ule ule ukiungua juu kwenye kichanga unabaki jivu mpaka mvua. Kwahiyo nachukua alama za moto naziweka juu ya picha ya mabonde na juu ya maji yaliyobaki, zinapokutana tatu hizo ndo naanzia kutembea.

Naendelea baadaye, ulizeni.

#2 Kijana wa Kaliua

Shikamoo mzee, uzi mzuri sana. Mi nina simu ya kawaida tu ya Android, bando langu la wiki, itatosha? Alafu kuna Wamarekani nawaonaga kwenye video wanatumia onX, app ya ramani ya wawindaji, wanasema inaonyesha kila kitu, je huku inafanya kazi? Na ukiweza nitumie koodineti za ule ukingo wa mwaka huu nianzie hapo hapo nisipoteze muda.

#3 Mtundu wa Sikonge

Marahaba kijana. Simu inatosha. Ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri angalia picha zako, piga skrinshoti, andika koodineti kwenye daftari, alafu pakua ramani ya Tanzania kwenye OsmAnd au Organic Maps, hizo zinafanya kazi bila mtandao na GPS ya simu haitaki bando. Ukishavuka vijiji vya mwisho laini inakufa, usitegemee kufungua picha porini. Chukua pawabenki, na weka simu kwenye hali ya ndege, betri itakaa zaidi.

onX ilianzia Montana mwaka 2009 na nguvu yake kubwa ni kuonyesha nani anamiliki kipande gani cha ardhi, maana kule Marekani ukivuka uzio umeingia shamba la mtu. Ramani hizo za umiliki ni za kwao, hapa Kaliua hazikusaidii kitu. Ila angalia wanavyofikiri, wale wanaotafuta kulungu wao wa mkia mweupe wanaanza na mialoni inayodondosha mbegu na kingo za mashamba ya mahindi na soya, wanaweka alama anapokula na anapolala, wanakaa katikati. Hesabu ni ileile tu, badala ya mwaloni weka mbula, badala ya shamba la soya weka mbuga iliyochipua. Mbula zikianguka mwisho wa kiangazi pita chini ya miti hiyo, nyayo za nsya na pongo utazikuta.

Koodineti sitoi, na naomba mtu yeyote asiweke koodineti kwenye huu uzi. Sio uchoyo kijana wangu. Humu tunasoma wengi na sio wote wana leseni, kuna wenye waya na kuna wenye sumu ya kisimani. Nikiandika namba mbili tu hapa nimemwongoza mtu mpaka mlangoni. Njia ya kutafuta nakupa yote bila kuficha, mahali utapapata kwa jasho lako na utapalinda.

#4 Askari wa Kijiji Mstaafu

Naunga mkono hiyo ya koodineti asilimia mia. Nimefanya kazi ya askari wa wanyamapori wa kijiji miaka mingi, nimetegua mitego ya waya mpaka mikono ikawa na makovu, na waya unategwa wapi? Hapohapo kwenye njia za kwenda kwenye kijani.

Naomba niongezee ya mpaka maana mleta uzi ameigusa tu akapita. Leseni inaandika mnyama gani, wangapi na eneo gani, ukivuka eneo hiyo leseni ni karatasi tu. Na ramani nyingi za simu zimepitwa na wakati. Ugalla ilikuwa Pori la Akiba, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa, hairuhusiwi kuwinda ndani kabisa, lakini nimeshika kijana na simu yake mkononi ananionyesha ramani imeandikwa pori la akiba kwa jina la zamani. Ramani ya simu sio utetezi. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, omba wakuonyeshe mpaka wenyewe, na kama ni eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori kama Ipole au Uyumbu kaongee na jumuiya wenyewe.

Kingine hiki wengi hawakijui. Zile ramani za serikali za karatasi, zile za 1:50,000, zimechorwa kwa mfumo unaitwa Arc 1960, na GPS ya simu inatumia WGS84. Ukichukua namba kutoka karatasi ukaziingiza kwenye simu bila kubadilisha, alama inahama karibu mita 300. Mita 300 ni kubwa wakuu, unajiona uko nje ya mpaka kumbe umo ndani na bunduki mkononi. Kwenye mipangilio ya GPS tafuta sehemu ya datamu, ndo huo mfumo, chagua unayoitaka, alafu jaribu kwenye kitu unachokijua, daraja au njia panda, uone kama vinalingana.

Mimi nilikuwa nawaambia jiachieni kilomita moja nzima kutoka kwenye mpaka. Mnyama uliyemjeruhi hasomi bango, akikimbilia ndani huruhusiwi kumfuata na bunduki kienyeji, na kumwacha afe na kidonda nayo ni dhambi.

#5 Mama Asali Uyui

Samahanini nyie wawindaji naingia mimi mrina asali. Nimesoma hapo juu mambo ya moto na roho imeniuma. Mwaka jana nimepoteza mizinga 14 ya magome kwa moto wa Oktoba, moto ambao haukuwashwa na radi maana mvua ilikuwa bado. Mwezi huo mtundu unatoa majani mapya na maua, nyuki ndo wanaanza kujaza, moto unapita chini mkali mpaka unapanda kwenye mzinga. Sasa mkifundishana humu kwamba moto unaleta wanyama, si kesho mtu anabeba kiberiti? Nauliza kwa wema kabisa.

#6 Mtundu wa Sikonge

Mama pole sana, mizinga 14 sio kitu kidogo, najua kumenya gome moja na kulishona ni kazi ya nusu siku. Na swali lako ni la haki, nilipaswa kulisema tangu mwanzo.

Niseme wazi, kuwasha moto porini ili kuvuta mnyama mi napinga, na kuchoma bila kibali ni kosa. Ninachofanya ni kusoma moto uliokwishapita. Na hata kwa wanyama moto wa Oktoba hauna faida unayoidhani, unakuja mkali, unaua miche na matawi, unaacha jivu tupu wakati wa njaa kuliko wote. Moto wa mapema ule wa Mei na Juni nyasi zikiwa bado na ubichi unatambaa pole, unaacha viraka, na hivyo viraka ndo vinazuia moto mkubwa wa baadaye usipite. Mashamba ya misitu na hifadhi wanachoma mapema kwa mpango kwa sababu hiyo.

Ila mama hiyo ramani ya FIRMS ni yako wewe kuliko yangu. Unaweza kujiandikisha kwa barua pepe ukachora eneo la mizinga yako, ukipatikana moto wanakutumia taarifa. Haiwahi kila moto, setilaiti inapita mara chache kwa siku na moto mdogo unaweza kupita katikati, lakini ukijua jioni kuna moto kilomita nane upande wa mashariki, na upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki, unapata usiku mmoja wa kufagia kuzunguka miti yako. Mwambie mwanao akuwekee, dakika kumi tu. Akikwama aniandikie.

#7 Mama Asali Uyui

Ahsante baba. Nitamwambia kijana anisaidie Jumapili.

#8 Mzee wa Nyayo

Wanangu mwangaluka. Mimi simu yangu ni ya tochi, huu uzi nasomewa na mjukuu na anaandika yeye. Ramani sina ugomvi nayo ila kijani kinadanganya.

Niliwahi kupelekwa na mtu na laptopu yake mpaka mahali anasema hapa ni pekundu kweli kweli, tumetembea saa nne, tumefika ni miembe. Mahame ya zamani, watu walihama wakati wa vijiji vya ujamaa miembe ikabaki, mwembe hauogopi kiangazi. Mara nyingine unakuta ni bustani za mboga au vitalu vya tumbaku bondeni watu wanamwagilia kwa ndoo. Sasa fikiria umekwenda na bunduki kwenye bustani ya watu. Angalieni umbo, miembe inakaa vikundi vya duara duara, bustani ina mistari iliyonyooka, mbuga iliyochipua inapinda kufuata maji.

Lakini mahame usiyadharau. Palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka ile udongo wake bado una mbolea mpaka leo, nyasi ya pale ni fupi na tamu, swala wanaijua. Kichuguu vilevile, majani yanayoota juu ya kichuguu yana chumvi na nguvu kuliko ya pembeni, pofu na tandala wanavizungukia kimoja kimoja.

Na njia. Mjukuu amenionyesha picha kutoka juu, njia nyeupe nyingi zinakutana kwenye bwawa kama miale ya jua. Yule alifurahi akasema wanyama. Nikamwambia hapana hizo ni za ng'ombe, angalia boma lile pale duara la miiba, njia zote zinaishia pale. Ng'ombe wakipita asubuhi na jioni kila siku kongoni hakai hapo hata majani yawe asali.

Alafu mnyama anakula saa ngapi? Alfajiri mpaka jua likianza kuuma, kisha anaingia kivulini kucheua, anatoka tena jua likipoa. Sasa mtu anafika kwenye alama yake saa sita mchana anasema ramani ya uongo. Ramani haikukuambia saa.

#9 Mtundu wa Sikonge

Shikamoo mzee wangu, mshukuru mjukuu. Hii ya miembe naikopi kwenye daftari langu. Kwa wenye picha za Sentinel njia ya kuitambua ni kurudi nyuma kwenye tarehe, angalia picha ya Juni, ya Julai na ya Agosti. Miembe ni mekundu mwaka mzima haibadiliki. Majani yaliyochipua baada ya moto utaona kwanza rangi ya nyasi kavu, alafu weusi, alafu wekundu. Ukiona mpangilio huo wa tatu hapo umepata.

#10 Wa Uvinza

Habari kutoka Kigoma. Huku kwetu bonde la Malagarasi mambo ni tofauti kidogo, maji hayaishi, ndo maana lile eneo la Malagarasi na Muyovozi liliwekwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, la kwanza Tanzania. Kwahiyo ukiangalia kwa infraredi kiangazi unaona wekundu mkubwa mno, kumbe ni mafunjo. Mafunjo yanawaka mekundu kuliko nyasi yoyote ila kongoni hali mafunjo. Huku ukingo wa kutafuta ni pale maji yalipokuwa mwezi uliopita yakarudi nyuma, nyasi inaota kwenye tope linalokauka, tohe na nyamera wanaifuata kila wiki kadri maji yanavyoshuka. Nalinganisha picha mbili tu, ya wiki hii na ya mwezi mmoja nyuma, tofauti yake ndo chakula.

Tahadhari moja kwa wanaotumia namba za UTM, zile koodineti za mita zinazokwenda kwa kanda, nyuzi 30 mashariki inapita katikati ya mkoa wetu. Kigoma mjini ni kanda ya 35, Uvinza mjini na Tabora yote ni 36. Ukikosea kanda alama inahama zaidi ya kilomita 600. Mi naandika nyuzi za kawaida na desimali yameisha.

Na kuanzia Novemba mawingu yakifunga picha hizi hazioni kitu, usilazimishe, ukiona weupe weupe juu ya ramani jua ni wingu.

#11 Kijana wa Kaliua

Wakuu narudi na mrejesho. Leseni nilishakata kabla ya uzi, nilikwenda kwanza kwa afisa wanyamapori wilayani, amenionyesha mpaka na kweli ramani yangu ya simu ilikuwa imekosea upande wa mto. Nimejiachia kilomita moja kama alivyosema mzee askari.

Nikaweka alama tatu. Nimekwenda bila bunduki, mimi na ndugu yangu, siku mbili kwa miguu. Alama ya kwanza ni wakata mbao, kuna kambi na msumeno unalia, tumepita mbali. Ya pili ilikuwa imechipua vizuri lakini ng'ombe wameshafika wamekula mpaka kwenye mizizi. Ya tatu ni kipembe cha mbuga kiliungua Julai, miti inaingia pande mbili, kuna dimbwi moja halijakauka. Tumefika jua linazama hatukuingia, tumelala mbali upande wa magharibi maana upepo unatoka mashariki. Alfajiri tumekaa kwenye kichuguu na darubini, kongoni saba, madume mawili, na korongo nimewaona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza, watano. Nyasi ile imekatwa fupi kabisa kama imepigwa fyekeo. Nyayo na kinyesi kila mahali.

#12 Mtundu wa Sikonge

Safi sana. Hicho kinyesi kilikuwa kikavu au?

#13 Kijana wa Kaliua

Mchanganyiko mzee. Kingine cha zamani cheupe, kingine kilikuwa bado kinang'aa.

#14 Mtundu wa Sikonge

Basi hawajapita tu, wanalala hapo jirani. Usirudi tena pale mpaka siku yenyewe, hata kuchungulia. Siku ile amka saa tisa usiku ufike kabla hakujapambazuka, ingia kwa njia ileile ya magharibi, na pale dimbwini usikae, wanyama wanywe kwa amani. Kaa kwenye ukingo, kwenye kivuli wanachorudi kucheulia. Na kabla hujaondoka Kaliua fungua tena picha mpya, kama ng'ombe wa alama ya pili wameshavuka huko nijulishe tuitafute ya nne.